Imani Bila Sakramenti: Mfano wa Marafiki na Jeshi la Wokovu

Mtaguso wa Trento ulitamka mwaka 1547 kwamba sakramenti ni za lazima kwa wokovu, ingawa si zote kwa kila mtu. Kauli hiyo inakabiliwa na ushahidi mzito. Tangu wamisionari wa Marafiki walipofika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, vizazi kadhaa vya Wakristo vimelelewa bila ubatizo wa maji wala Meza ya Bwana. Na Kenya leo ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko zote duniani. Ni vigumu, basi, kushikilia kwamba imani hufifia pasipo sakramenti.

Hata hivyo, kukosa sakramenti si kukosa ishara. Kinachokataliwa ni dai kwamba neema hutegemea maji na mkate. Haja ya mwili kushiriki katika imani hubaki palepale. Jeshi la Wokovu, lililoacha kuadhimisha sakramenti mwaka 1883 chini ya William Booth, humwapisha askari mpya chini ya bendera, mbele ya kusanyiko, baada ya kutia sahihi agano. Naye anayetubu hupiga magoti kwenye kiti cha rehema, ambacho aghalabu ni benchi tu la mbao.