Shahada ya ukokotoaji: bei ya bangoni na gharama ya kweli

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, wazazi wa vijana waliosoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) huanza kugongewa hodi na matangazo. Sayansi ya data, akili mnemba, uchanganuzi wa biashara: kila chuo kina jina lake na kila jina lina ada yake. Nyuma ya majina hayo kuna fani moja ambayo ni nadra kutajwa kwa jina lake hasa, nayo ni sayansi ya ukokotoaji, yaani kutumia hisabati na kompyuta kujibu maswali ya sayansi. Mvua itanyesha wapi wiki ijayo, kipindupindu kitasambaa kwa kasi gani, daraja litahimili uzito gani. Mamlaka za hali ya hewa, taasisi za utafiti wa magonjwa, mabenki na kampuni za uhandisi zote zinawahitaji watu wa aina hii.

Tatizo la mnunuzi ni kwamba jina la kozi halimwambii anachonunua. Katika chuo kimoja fani hii imo ndani ya hisabati tumizi, kwingine imo kwenye uhandisi, kwingine imevikwa joho la sayansi ya data huku hisabati yenyewe ikiwa imepunguzwa mpaka imebaki mifupa.

Chukua zoezi ambalo hufundishwa mapema katika fani hii. Ufito wa chuma umewekwa motoni upande mmoja, na swali ni joto litafikaje upande wa pili. Mwanafunzi anaugawa ufito vipande, kisha anaandika programu inayokokotoa joto la kila kipande kutokana na vipande vinavyopakana nacho, hatua kwa hatua za muda. Akitaka usahihi zaidi anapunguza urefu wa kila kipande kwa nusu. Kwa njia rahisi inayofundishwa mwanzo, hapo hapo inambidi aupunguze pia muda wa kila hatua hadi robo, la sivyo namba zinavurugika na ufito unaonekana una joto la mamilioni ya digrii. Vipande vimekuwa mara mbili, hatua zimekuwa mara nne, kazi ya kompyuta imeongezeka mara nane. Kijana anayeweza kueleza hiyo nane imetoka wapi, na anayejua njia nyingine ya kuukwepa mzigo huo, amefundishwa ukokotoaji. Aliyefundishwa kubonyeza tu programu iliyotengenezwa na wengine hajafundishwa, cheti chake kiandikwe vyovyote kitakavyoandikwa.

Sasa tuje kwenye bei. Mwaka 2023 IIT Madras, mojawapo ya vyuo vya teknolojia vya India, ilifungua kampasi Zanzibar, ya kwanza kwa vyuo vya IIT nje ya India, ikianza na sayansi ya data na akili mnemba. Ada iliyotangazwa wakati huo ilikuwa dola 12,000 kwa mwaka kwa shahada ya kwanza na dola 4,000 kwa uzamili. Jina la IIT ni zito na mchujo wake ni mkali, lakini dola 12,000 ni takribani shilingi milioni 30 za Tanzania, na hiyo ni kwa mwaka mmoja katika kozi ya miaka minne. Shahada ya hisabati au fizikia katika chuo kikuu cha umma cha Tanzania ada yake kwa mwaka ni kati ya shilingi milioni moja na mbili, na mwanafunzi anaweza kuombea mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, akapata na bumu la kujikimu.

Kwa familia ya kipato cha kawaida, maoni yangu hayana kigugumizi: shahada ya kwanza isomwe kwenye hisabati, fizikia au uhandisi katika chuo cha umma, na ukokotoaji wenyewe utafutwe kwenye uzamili, kwa sababu huko ndiko ufadhili ulikojaa.

AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati iliyoanzishwa mwaka 2003 na mwanafizikia Neil Turok huko Muizenberg, Cape Town, leo ina vituo Senegal, Ghana, Kamerun na Rwanda. Wanafunzi wanaishi hapo hapo chuoni, wahadhiri hutoka nchi mbalimbali na kila mmoja hufundisha kwa wiki chache, na anayechaguliwa hulipiwa masomo, malazi na chakula. Ushindani ni mkubwa, na kinachopimwa ni hisabati. Juja, nchini Kenya, ndani ya JKUAT, chuo kikuu cha Jomo Kenyatta, kuna taasisi ya Chuo Kikuu cha Pan-Afrika yenye uzamili wa hisabati wenye mkondo wa ukokotoaji, kwa ufadhili wa Umoja wa Afrika. Arusha nako Taasisi ya Nelson Mandela ina skuli nzima yenye ukokotoaji katika jina lake.

Nje ya Afrika, Ujerumani inasifiwa kwamba masomo yake ni bure. Ni kweli kwa vyuo vingi vya umma, ila si vyote tena. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na chuo cha ufundi cha Munich, TUM, kimeanza kutoza uzamili euro 4,000 hadi 6,000 kwa muhula tangu 2024. Hata pasipo ada, mwombaji wa viza asiye na ufadhili hutakiwa kuonyesha fedha za kujikimu za mwaka mzima; kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni euro 11,904. Fedha hizo ni zake na hurudishiwa kidogo kidogo kila mwezi, lakini kwanza lazima awe nazo, na ni zaidi ya shilingi milioni 30.

Vifaa havipaswi kumtisha mtu. Python, Julia na Octave ni za bure, na laptopu ya kawaida inatosha kwa mazoezi mengi ya shahada ya kwanza. Chuo kinachohalalisha ada kubwa kwa maabara ya kompyuta kiulizwe wanafunzi huitumia saa ngapi kwa wiki, na nani huwasimamia.

Kabla ya kulipa chochote, mzazi aombe muhtasari wa masomo ya mwaka wa pili na wa tatu. Atafute aljebra ya matriksi, takwimu, mbinu za ukokotoaji kwa namba na uandishi wa programu kwa zaidi ya muhula mmoja. Kwa chuo cha nje, aulize TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, mapema kama shahada hiyo inatambuliwa. Vyuo vyetu vya umma navyo vina deni hapa: vingi huorodhesha majina ya kozi mtandaoni bila kusema kinachofundishwa ndani yake, na kwa hiyo mhadhiri mzuri wa hisabati wa chuo cha umma anashindwa na bango la barabarani. Kuweka mihtasari hiyo hadharani, pamoja na mitihani ya miaka iliyopita, kungegharimu kazi ya siku chache tu ya ofisi ya taaluma.