Wadau, "precede" siyo "proceed": mimi lilinikosesha ufadhili



Leo naleta neno moja la Kiingereza ambalo vijana wengi tunalipita haraka tukiwa kafe, hasa pale dakika zinapoyoyoma na mvua ya Tukuyu inapiga bati. Neno lenyewe ni "precede".

Mwaka 2017 nilikuwa naomba ufadhili wa masomo (waliokuwa wanautoa nawahifadhi). Fomu ilitaka uthibitisho wa kipato cha mzazi kwa "the year preceding the year of application". Mama ni mkulima wa chai. Mimi nikasoma mbio mbio, kichwani ikaingia "proceeding", nikaelewa ni mwaka unaoendelea. Nikaskani karatasi zake za malipo za 2017, nikatuma. Jibu likaja: maombi hayajakamilika, na tarehe ya mwisho imeshapita. Kumbe walitaka za 2016, na hizo zilikuwepo nyumbani, chini ya godoro la mama! Iliniuma sana jamani.

Sasa tuelewane. "Precede" ni kutangulia, kuja kabla ya kitu kingine. "Proceed" ni kuendelea, kusonga mbele. Ndiyo maana kwenye tovuti unakuta kitufe kimeandikwa "Proceed", yaani endelea hatua inayofuata. Kwa matamshi yetu ya haraka yanakaribiana sana, ila maana ziko mbali.

Namna ya kukumbuka ni rahisi. Shika hiyo "pre" ya mwanzo. Ukimaliza la saba unasoma "pre-form one", yaani masomo ya kabla ya kidato cha kwanza. Umeme wa LUKU ni "prepaid", unalipa kabla ya kutumia. Kwa hiyo ukiona "pre", waza "kabla".

Na tahajia je? Maneno ya Kiingereza yanayoishia na "-ceed" ni matatu tu ya msingi: "proceed", "exceed" na "succeed". "Precede" halimo, lenyewe linaishia na "-cede".

Mtego wa pili, na huu unawanasa hata wasomi, ni "preceded" na "was preceded by". Tuchukue mfano wa hapa hapa kwetu. Tukuyu enzi za Mjerumani iliitwa Neu Langenburg, mpaka Waingereza walipoiteka mwaka 1916. Unaweza kuandika hivi:

1. German rule preceded British rule.
2. British rule was preceded by German rule.

Sentensi zote mbili zinasema kitu kile kile: Mjerumani alitangulia. Lakini angalia, kwenye ya pili Mwingereza ndiye ametajwa kwanza. Ukikimbilia jina la mwanzo, umeliwa. Ukiona "was" na "by", aliyetangulia ni yule anayetajwa baada ya "by". Vivyo hivyo "Samia was preceded by Magufuli" maana yake Magufuli alikuwa rais kabla ya Samia, basi.

Mtangulizi kwenye cheo anaitwa "predecessor". Anayerithi cheo ni "successor", na kitendo chake ni "succeed". Hilo "succeed" nalo lina maana mbili, kufanikiwa na kurithi nafasi, kwa hiyo soma sentensi nzima kwanza.

Mwisho, tofauti ndogo ya "previous" na "preceding". "Previous" ni cha nyuma, na kinaweza kuwa cha zamani kidogo: "previous employers" ni waajiri wako wote waliopita. "Preceding" mara nyingi ni kile kilichopakana kabisa. Kwa hiyo fomu ya 2017 ikisema "the preceding year" ni 2016, siyo 2014 wala 2017 yenyewe.

Ushauri wangu: ukikutana na neno hili kwenye fomu, usibonyeze "Proceed" kwanza. Chukua kalamu, andika mwaka au mwezi unaotakiwa kwa tarakimu, kisha ndiyo uskani. Dakika kumi za kafe ni hela ndogo kuliko mwaka mzima wa kusubiri.

Wenye maneno mengine yaliyowahi kuwaponza, tiririkeni hapo chini.