Kabla Hatujarudi Bidiya: Kulifungia Gari Kipozeo cha Giaboksi

Kila mwaka joto likianza kulegea, mazungumzo ya chama chetu hugeuka kuwa ya safari ya Bidiya: nani atachukua sufuria la pilau, nani atapika chai ya maziwa, gari lipi litangulie. Mwaka huu limeongezeka swali jingine. Msimu uliopita gari moja la otomatiki katika msafara wetu liliacha kushika gia katikati ya vilima vya mchanga. Injini ilinguruma, magurudumu hayakwenda. Abiria wake watano, mmoja wao bibi wa mwenzetu, tuliwagawa katika magari mengine. Ilikuwa Januari, jua la kustahimilika. Ingekuwa Agosti, tungekuwa tunasimulia habari nyingine.

Giaboksi lile lilipofunguliwa gereji, mafuta yake yalikuwa meusi na yananuka kuungua. Ndipo wanne kati yetu tulipoamua kwamba Land Cruiser 80 la ami wa mwenzetu, ambalo ndilo hubeba watu wengi kuliko yote, lisiingie tena mchangani bila kipozeo cha ziada cha mafuta ya giaboksi. Ni gari la petroli, injini ya lita 4.5, otomatiki ya gia nne, na umri wake unatupita sote. Tunaieleza kazi hiyo hapa kwa sababu magari mengi ya wanachama ni otomatiki.

Joto linatoka wapi?

Gari la otomatiki halina klachi ya kukanyaga. Kati ya injini na giaboksi kuna konveta, chombo cha mviringo kilichojaa mafuta. Ndani yake ni kama mna mapangaboi mawili yaliyotazamana. La kwanza huzungushwa na injini na kuyasukuma mafuta. La pili husukumwa na mafuta hayo na kuzungusha giaboksi. Ukiwa kwenye barabara kuu kwa mwendo wa kudumu, konveta hujifunga, mapanga yote mawili yakaenda pamoja, na mafuta hayasumbuki.

Mchangani mambo ni mengine. Gari linapanda kilima polepole, tairi zimezama, mguu umekandamiza mafuta. Pangaboi la injini linakwenda mbio, la pili linaburura. Tofauti ya mwendo kati yao haipotei bure: inageuka joto ndani ya mafuta. Na kwa kuwa gari linakwenda taratibu, upepo wa kupoza haupo. Ami alitwambia kwa ufupi, "Wanangu, giaboksi haliuliwi na mchanga. Linauliwa na moto."

Mafuta ya giaboksi hufanya kazi vizuri yakiwa na joto la nyuzi 80 hadi 95 hivi. Yakivuka 120 huanza kuharibika haraka. Mafundi wana kadirio lao: juu ya kiwango cha kawaida, kila joto likiongezeka kwa nyuzi kama 10, umri wa mafuta hupungua kwa nusu. Mafuta yakichoka, sili hukauka, klachi za ndani huteleza, na utelezi huo huzaa joto zaidi.

Kiwandani gari hupewa kipozeo kidogo kilichofichwa ndani ya tangi la rejeta. Mafuta hupita humo, maji ya rejeta yakayapunguza joto. Lakini maji hayo yenyewe huwa na nyuzi 90 hivi injini ikiwa imepata moto, kwa hiyo hayawezi kuyashusha mafuta chini ya hapo.

Kazi yenyewe

Tulichagua kipozeo cha sahani, yaani sahani nyembamba za aluminiamu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kipo pia cha bomba moja linalokwenda na kurudi. Ni rahisi zaidi, lakini kwa ukubwa uleule hupoza kidogo.

Tuliondoa wavu wa mbele na kukiweka kipozeo mbele ya kondensa ya kiyoyozi, tukiacha nafasi ndogo ili visigusane. Tulikifunga kwa vyuma na boliti. Katika boksi zilikuwemo kamba za plastiki za kupitisha katikati ya mapezi ya rejeta. Tuliziacha humohumo, maana gari likitikisika kwa saa nyingi, vitu hivyo husuguana mpaka vikatoboka.

Kisha tulitafuta bomba la kurudi. Giaboksi lina mabomba mawili yanayokwenda kwenye rejeta: moja hupeleka mafuta ya moto, jingine huyarudisha. Baada ya kuliendesha gari robo saa, tuliyapima yote mawili kwa kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali, bila kuyagusa. Lenye joto kali ni la kupeleka. Kipozeo kipya huungwa kwenye lile la kurudi, ili safari ya mafuta iwe hivi: giaboksi, rejeta, kipozeo, giaboksi. Rejeta ipunguze joto kubwa kwanza, upepo umalizie.

Wapo wanaoiacha rejeta kabisa. Sisi hatukufanya hivyo. Maji hunyonya joto kwa nguvu kuliko hewa, na gari likiwa limesimama bila upepo, rejeta bado husaidia. Ila rejeta iliyozeeka ichunguzwe kwanza. Ikitoboka ndani, maji huingia kwenye mafuta, na dipstiki hutoka na rangi ya faluda. Ukiona hivyo, usiendeshe hata hatua moja.

Mipira tuliyotumia ni ile iliyoandikwa ubavuni kwamba ni ya mafuta ya giaboksi, si ya petroli wala ya maji. Tuliipitisha mbali na ekzosi, feni na mikanda, bila kona kali za kuubana mpira, na kila ilipopita kwenye tundu la bati tuliivika raba ya kuikinga. Bomba la chuma likikatwa, ncha yake lazima ipanuliwe kidogo kabla ya kuvishwa mpira, la sivyo presha itauchomoa hata klipu ikazwe vipi.

Mwisho ni kuongeza mafuta, maana kipozeo na mipira vimechukua sehemu yake. Tulisimamisha gari mahali tambarare, likiwa limepata moto, injini ikiunguruma taratibu, tukaupitisha mkono wa gia katika nafasi zote na kuurudisha P. Ndipo tukavuta dipstiki. Magari mengi mapya hayana dipstiki. Hayo yana utaratibu wake katika kitabu cha gari, na ni bora afanye fundi.

Tuliongeza pia geji ya joto, kihisio chake kikiwa kwenye bomba la kupeleka. Bila geji unakisia tu.

Kipozeo hakifanyi kila kitu

Wapo wenzetu wanaosema: kipozeo kimefungwa, basi twendeni mwisho wa Agosti kabla ya masomo kuanza. Sisi wanne tunapinga. Kipozeo hutegemea hewa, na hakiwezi kuyashusha mafuta chini ya joto la hewa inayokipitia. Juni 2018 huko Quriyat, kwa saa 24 nzima joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6, usiku ukiwemo. Hewa ya namna hiyo inapoza kidogo sana, na mtu aliyekwama ndani yake ana saa chache, si siku. Mchanga wa Sharqiya una ukubwa wa kilomita za mraba 12,500 hivi. Si mahali pa kungojea gari lipite.

Na hata Desemba, dereva ana wajibu wake. Punguza upepo wa tairi kabla ya kuingia. Sisi hushuka hadi psi 15 au 18. Tumia gia nzito ya fowili, ili konveta isiteleze sana. Geji ikipanda, simama mahali pagumu, gari lielekee upepo, weka P, na usizime injini. Pampu ya mafuta ya giaboksi huzungushwa na injini. Ukiizima, mafuta ya moto yatabaki palepale na kipozeo hakitakuwa na la kupoza.

Pendekezo letu kwa kamati ni mawili. Safari iwe Desemba. Na kila gari la otomatiki litakalobeba watu likaguliwe mafuta ya giaboksi wiki mbili kabla. Mwenye shaka na gari lake alilete Jumamosi asubuhi uani kwa ami. Spana zipo, na kahawa pia.