Toleo jipya la programu lipimwe kwa vyama vichache kwanza

Mnunuzi wa korosho hanunui ghala zima kwa kutazama gunia la mlangoni. Sampuli huchukuliwa katika magunia mbalimbali, korosho zikapasuliwa, ubora ukajulikana, ndipo bei ikatajwa. Programu za kompyuta zinazohesabu korosho hizo nazo zinastahili kupimwa hivyo kila zinapobadilishwa, na wiki hii tunaeleza namna ya kufanya.

Haja yenyewe ni ya kishilingi. Tangu msimu wa 2007/08 mkulima wa Mtwara huuza kwa stakabadhi ghalani. Chama cha msingi hupima, mzigo huenda ghala kuu, na chama kikuu, yaani MAMCU kwa Masasi na TANECU kwa Newala na Tandahimba, huupeleka mnadani. Oktoba 2024 minada hiyo iliingia katika mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na bei za mwanzo wa msimu zilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Kwa bei ya shilingi 4,000, programu inayopunguza kilo 1 katika kila gunia humpunja mkulima mwenye magunia 20 shilingi 80,000.

Wataalamu wa kompyuta huita njia hii utoaji wa kanari. Kanari ni ndege mdogo wa jamii ya chiriku, ambaye wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza waliingia naye mgodini hadi mwaka 1986, kwa kuwa hewa ya sumu humlegeza yeye kabla ya binadamu. Kwa programu, toleo jipya huwekwa kando ya la zamani, likapewa sehemu ndogo ya kazi, likaangaliwa, ndipo likaongezewa.

Tuchukue mfano wa programu ya kupokelea korosho katika vyama vya msingi. Ikiwa seva zinaendeshwa kwa Kubernetes, chombo kama Argo Rollouts hupokea maelekezo ya hatua kwa hatua: asilimia 5, subiri, 25, subiri, 50, kisha 100. Pasipokuwa na lango la kugawa maombi, chombo hicho hukadiria kwa idadi ya nakala, hivyo nakala 1 kati ya 10 ni kama asilimia 10. Lango kama Istio hugawa kwa usahihi zaidi, na linaweza kufuata namba ya chama.

Hilo la mwisho ndilo linalofaa huku. Kazi ikigawanywa kiholela, gunia la kwanza la mkulima litapita toleo jipya na la pili toleo la zamani, na karani hatajua kosa limetoka wapi. Afadhali vyama viwili, kimoja cha Masasi na kimoja cha Newala, vitumie toleo jipya peke yake.

Swali linalofuata ni la muda wa kusubiri. Wengi huweka saa moja. Hesabu inasema vingine. Kosa linalotokea mara 1 katika stakabadhi 100 lina nafasi ya asilimia 82 ya kutoonekana kabisa katika stakabadhi 20. Zikifika 300, nafasi hiyo hushuka hadi asilimia 5 hivi. Kwa hiyo hatua ifungwe kwa idadi ya stakabadhi, siyo kwa saa ya ukutani.

Aidha, kipimo kiwe cha biashara. Seva inaweza kujibu haraka bila hitilafu yoyote huku ikiandika uzito usio sahihi. Kila jioni jumla ya kilo za mizani ya chama ilinganishwe na kilo zilizopokelewa ghala kuu. Tofauti ikipita kiwango kilichokubaliwa kabla ya zoezi, maombi yote yarudishwe toleo la zamani mara moja, tena na mfumo wenyewe bila kungoja kikao.

Hata hivyo, kurudisha maombi hakusahihishi stakabadhi zilizokwishaandikwa. Ndiyo maana kila stakabadhi ibebe namba ya toleo lililoitoa, ili zenye shaka zitafutwe na kupimwa upya kabla ya mnada. Katika hifadhi ya taarifa, safu mpya ziongezwe, na za zamani zisifutwe hadi vyama vyote vihamie, la sivyo toleo la zamani halitakuwa na pa kurudia.

Jaribio lifanyike mwanzoni mwa mapokezi, wakati mizigo ipo lakini foleni bado fupi. Mwezi usio na korosho hauonyeshi kitu, na siku ya mnada si siku ya kubadilisha programu. Mfumo wa stakabadhi ghalani wenyewe ulianzia Mtwara kabla ya kwenda mikoa mingine ya korosho. Programu zake hazina sababu ya kukimbia kuliko hapo.