Maji ya Kijani Bwawani: Rafiki au Adui wa Samaki?

Wapo watu ambao wakiona maji ya bwawa la samaki yamegeuka kijani husema bwawa limechafuka. Wapo wengine wanaoamini kwamba kadiri maji yanavyozidi ukijani ndivyo samaki wanavyonenepa. Sisi tulikuwa katika kundi hili la pili, na kosa letu lilitugharimu samaki wengi. Katika makala hii tunaeleza mwani wa bwawani ni nini, unavyoweza kuua samaki, na namna ya kuudhibiti katika bwawa dogo la nyuma ya nyumba bila kutumia sumu.

Yaliyotupata

Nyuma ya jiko letu tuna bwawa la udongo lenye urefu wa mita 15 na upana wa mita 10. Tulipandikiza vifaranga 400 vya perege. Kila tulipopata samadi ya kuku tuliimwaga bwawani, na kila siku tuliongeza pumba na makombo ya ugali. Hatukupima chochote. Kufikia mwezi wa tano maji yalikuwa mazito kama mboga ya kisamvu.

Jioni samaki walionekana wazima. Lakini alfajiri, tulipopita kwenda kwenye sala, tuliona midomo mingi ikitweta juu ya maji. Tukadhani wana njaa, tukawaongezea pumba. Zikafuata siku mbili za mawingu mazito. Asubuhi ya siku ya tatu tulihesabu perege 83 wakielea. Samaki hao tulikuwa tumewapangia mezani, na sehemu yao tuliahidi kuwapa majirani wanaotusaidia shambani.

Mzee anayetunza bustani alitazama, akatikisa kichwa. “Wanangu,” alisema, “hawa hawakuwa na njaa. Walikuwa wanatafuta pumzi.” Mzee alikuwa amesema kweli, nasi tukaanza kujifunza upya.

Mwani ni nini?

Mwani tunaouzungumzia hapa si ule unaolimwa Zanzibar na kuanikwa juani. Huu wa bwawani kwa sehemu kubwa ni viumbe vidogo mno, visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho, ambavyo vikiwa vingi hulipa maji rangi ya kijani. Kama mahindi shambani, mwani huhitaji jua, maji na mbolea, hasa naitrojeni na fosforasi. Mbolea hiyo hutoka kwenye samadi, chakula kilichobaki, kinyesi cha samaki na udongo unaoletwa na mvua.

Kwa kiasi cha kutosha, mwani ni baraka. Perege huula moja kwa moja, na wadudu wadogo wa majini ambao vifaranga huwala nao huishi kwa mwani. Mchana mwani hutoa oksijeni ndani ya maji. Kwa hiyo anayetaka bwawa lenye maji meupe kama ya kisima, na bado afuge perege kwa gharama nafuu, anajinyima chakula cha bure.

Shida huja usiku. Jua likizama, mwani huacha kutoa oksijeni, lakini wenyewe huendelea kuivuta, pamoja na samaki na bakteria wanaoozesha uchafu wa chini. Mwani ukiwa mwingi kupita kiasi, oksijeni hupungua usiku kucha na kufikia kiwango cha chini kabisa karibu na mapambazuko. Ndiyo maana samaki wetu walitweta alfajiri na wakaonekana wazima jioni. Siku za mawingu mwani hutengeneza oksijeni kidogo hata mchana, hivyo usiku huanza akiba ikiwa pungufu. Kambale huweza kuvumilia kwa sababu huvuta hewa ya juu kwa kiungo chake maalumu. Perege hana kiungo hicho.

Tofautisha aina tatu

Kabla ya kuchukua hatua, jua unashughulika na mwani upi. Wa kwanza ni ule unaoyapa maji yote rangi ya kijani. Huu ni wa kupunguza, si wa kumaliza. Wa pili ni mwani wa nyuzi, unaotanda kama nywele kingoni na chini penye maji mafupi. Ukiingiza kijiti, nyuzi hunasa na kuning’inia.

Wa tatu kwa hakika ni bakteria, ingawa huitwa mwani wa kijani-bluu. Hutanda juu ya maji kama rangi ya kupaka ukuta iliyomwagika, na kijiti hutoka kimepakwa rangi bila nyuzi. Baadhi yake hutoa sumu. Ukiuona utando huo, usinywe maji hayo, usiwaache ng’ombe, mbuzi au mbwa wayanywe, na watoto wasiogelee. Pia huweza kuwapa samaki ladha ya udongo.

Kipimo cha padre

Kosa letu kubwa lilikuwa kukisia. Kipimo tunachotumia sasa kilianza na Padre Angelo Secchi, Mjesuiti na mwanafalaki wa Italia, ambaye mwaka 1865, akiwa katika meli ya Papa kwenye Bahari ya Mediteranea, alipima uangavu wa maji kwa kuzamisha visahani vyeupe. Hadi leo wataalamu wa maziwa na mabwawa hutumia kisahani chenye jina lake.

Sisi tulichukua kifuniko cha ndoo, tukakikata duara, tukakipaka rangi nyeupe, tukakifunga jiwe chini na kamba yenye alama kila sentimita 10. Tunakizamisha polepole karibu na saa sita mchana, jua likiwa kali, na kusoma kina ambacho kinapotea machoni.

Kikipotea kati ya sentimita 25 na 40, hali ni nzuri. Kikipotea kabla ya sentimita 20, kama rangi inatokana na mwani na si tope, kuna hatari: tunasimamisha samadi na kupunguza chakula siku hiyohiyo. Kikionekana hata baada ya sentimita 50, mwani ni haba na samadi kidogo yafaa. Asiye na kisahani atumie mkono: ukizamisha mkono hadi kwenye kiwiko na vidole vimepotea kabisa muda mrefu kabla ya hapo, mwani umezidi.

Namna ya kuudhibiti

Darasani tunafundishwa kutofautisha dalili na chanzo. Ukijani ni dalili. Chanzo ni mbolea iliyozidi. Kwa hiyo tulianza na chakula. Sasa tunalisha mara mbili kwa siku, asubuhi jua likiwa limeshapanda na alasiri, kiasi ambacho samaki hukimaliza ndani ya dakika 15. Samadi tunaiweka katika gunia lililofungwa kwenye mti pembeni mwa bwawa, ili tukiona maji yanazidi ukijani tuliondoe. Samadi iliyomwagwa huwezi kuizoa tena.

Pili, tulibadilisha sehemu ya maji. Tunatoa maji ya chini, ambayo yana uchafu mwingi, na kuingiza mapya. Maji yanayotoka hayapotei: yanamwagilia mchicha na sukumawiki, na mboga zinatumia mbolea ileile iliyokuwa inalisha mwani.

Tatu, tulichimba kingo. Pale maji yalipokuwa na kina cha chini ya nusu mita, jua lilifika chini na mwani wa nyuzi ukaota. Tulizishusha, na nyuzi zilizobaki tukazivuta kwa reki, kidogo kila siku, na kuzipeleka kwenye mboji. Usizirundike ukingoni, kwa maana mvua itazirudisha.

Nne, tulichimba mfereji juu ya bwawa ili maji ya mvua kutoka bandani na shambani yapite kando. Tano, tunapunguza samaki. Perege huzaa wakiwa bado wadogo, na bwawa hujaa vifaranga bila mwenyewe kujua. Samaki wengi humaanisha kinyesi kingi. Na kila baada ya mavuno tunakausha bwawa na kutoa tope la chini kabla ya kupandikiza tena.

Vipi kuhusu mrututu?

Wapo waliotushauri tuweke mrututu, ule unaotumiwa kwenye mazao dhidi ya ukungu. Ni kweli shaba iliyomo huua mwani, lakini huweza pia kuua samaki, hasa katika maji yenye chokaa kidogo. Tena mwani mwingi ukifa kwa mara moja, huoza wote pamoja, na kuoza huko hula oksijeni. Unaweza kuua mwani leo na kuzika samaki kesho. Bila mtaalamu wa uvuvi wa wilaya kupima maji yako, uache mrututu.

Ukikuta samaki wanatweta

Usiwape chakula. Ingiza maji mapya yakianguka kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Kama huna bomba, chota maji ya bwawa kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu, tena na tena, mpaka jua lipande. Ni kazi ya mikono, lakini huokoa. Kisha tafuta chanzo siku hiyohiyo.

Aristotle alifundisha kwamba fadhila hukaa katikati, kati ya kuzidi na kupungua. Tulilijibu swali hilo vizuri kwenye mtihani, ila bwawani tulishindwa. Siku hizi kisahani kinaning’inia mlangoni mwa jiko, na kila Jumatano mmoja wetu hupima na kuandika kwenye daftari. Wiki iliyopita kilipotea kwenye sentimita 32. Alfajiri hakuna mdomo uliotweta.