Sindano ya kupunguza mwili: njaa inakwenda wapi?

Ukikaa saluni yoyote hapa Rujewa siku ya Jumamosi, lazima utaisikia. Zamani mazungumzo yalikuwa mkorogo na zile dawa za Kichina za kuongeza makalio. Siku hizi ni sindano. Eti unachoma mara moja kwa wiki, mafuta yanayeyuka yenyewe, gauni la sendofu linakutosha bila kukimbia hata hatua moja uwanjani. Wote wanaiita Ozempic, hata kama kilichomo kwenye kichupa hakijulikani kimetoka wapi.

Na haya yanasemwa Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, katikati ya mpunga wa Usangu, mahali ambapo mgeni akikataa sahani ya pili ya wali mwenyeji anaanza kujiuliza kakosea nini. Ndiyo maana nikaona tuizungumze hii sindano vizuri, maana kuna watu wanaitolea hela.

Kwanza, haiyeyushi mafuta. Inachofanya ni kuigusa njaa yako.

Iko hivi. Peptidi ni mnyororo mfupi wa amino asidi, vile vipande vidogo vinavyojenga protini. Insulini, ambayo wenye kisukari wanaifahamu sana, nayo ni peptidi. Unapokula, utumbo wako unatoa homoni moja ya aina hiyo inayoitwa GLP-1. Inakwenda kwenye kongosho na kuliambia litoe insulini kwa kuwa sukari imeingia. Inalifanya tumbo lisiharakishe kumwaga chakula kwenda kwenye utumbo. Halafu inapeleka habari kwenye ubongo: tumeshiba, weka kijiko chini. Shida ni kwamba homoni hiyo ya asili haikai. Dakika mbili hivi, nusu yake imeshavunjwavunjwa ndani ya damu.

Wataalamu wakatafuta inayofanana nayo lakini yenye roho ngumu. Usicheke, ilipatikana kwa mjusi! Mwanzoni mwa miaka ya 1990, daktari John Eng wa New York alikuta kwenye sumu ya mjusi mkubwa wa jangwani huko Marekani, anayekula mara chache tu kwa mwaka, kitu kinachofanya kazi kama GLP-1 na kisichovunjika haraka. Dawa ya kisukari iliyotokana na ugunduzi huo, Byetta, iliruhusiwa Marekani mwaka 2005. Ilikuwa ya kuchoma mara mbili kwa siku.

Baadaye ikaja semaglutaidi, kutoka kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark. Hii wameirekebisha ijishikize kwenye protini ya damu, hivyo inadumu wiki nzima. Kwa kisukari inauzwa kama Ozempic, iliyoruhusiwa Marekani mwishoni mwa 2017, na kwa unene kama Wegovy, iliyoruhusiwa huko huko mwaka 2021. Nyingine ni tirzepataidi, au Mounjaro (jina linalonifanya kila mara nifikirie mlima wetu), inayoiga homoni mbili za utumbo kwa mpigo.

Je, zinafanya kazi? Ndiyo, na sitaki kuwadanganya kwa kuogopa kuwashawishi. Katika utafiti uliochapishwa 2021, watu karibu 2,000 walifuatiliwa kwa wiki 68. Waliochomwa semaglutaidi walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao, na waliochomwa sindano isiyo na dawa asilimia 2.4. Wote walikuwa wakishauriwa kuhusu chakula na mazoezi. Kwa mtu wa kilo 90, hizo ni kilo 13 na ushee. Lakini angalia muda: mwaka na zaidi. Wegovy yenyewe unaanza na miligramu 0.25 na kupandishwa polepole kwa wiki 16 hadi kipimo kamili cha 2.4, kwa sababu ukikimbilia kipimo kikubwa utatapika hadi ujute. Kwa hiyo shoga mwenye harusi ya mwezi ujao, hii si ya kwako.

Na ukiacha? Waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha walirudisha theluthi mbili ya walichopunguza. Njaa ilirudi nyumbani kwake.

Sasa nije kwa dada mmoja mfanyabiashara wa mchele hapa hapa mjini. Ana miaka 41. Mume wake alikaa Dar miezi mitatu, aliporudi akamwambia mbele ya watoto kwamba anaona aibu kuongozana naye. Yaani mwanamke aliyeshika nyumba na biashara muda wote huo! Dada wa watu hakulia. Alinipigia simu: "Mdogo wangu, wewe si unaandika magazetini, hebu niambie hii sindano ikoje." Kumbe alishatanguliza nusu ya hela kwa mtu anayemletea kichupa kwa basi kutoka Dar, unga ndani, karatasi ya maelezo hakuna, achanganye mwenyewe na maji.

Tulimpima kwenye mizani ya magunia, tukicheka. Kilo 84, na urefu wake ni sentimita 158. Ukigawa uzito kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, unapata kama 33.6, na kuanzia 30 kwenda juu ndipo madaktari wanapoita unene uliopitiliza. Mama yake mzazi ana kisukari. Kwa hiyo huyu ni mtu hasa ambaye dawa ya kweli ilitengenezewa, na kinachomfikia ni kichupa cha kwenye begi. Hilo ndilo linaloniuma. Desemba 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kutumia dawa hizi kwa unene, likakiri kwamba hata ifikapo 2030 wanaozihitaji watakaozipata hawatafika asilimia 10.

Kichupa kile nilimkataza kabisa. Semaglutaidi halisi kabla ya kufunguliwa inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na wewe unalijua joto la buti la basi. Tena Oktoba 2023 huko Austria watu walilazwa baada ya kuchoma Ozempic bandia iliyoshukiwa kuwa na insulini ndani. Sukari ikishuka ghafla unazimia ukiwa peke yako dukani. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari ya dunia nzima kuhusu semaglutaidi bandia. Dawa ya aina hii utaandikiwa na daktari na kuinunua famasi iliyosajiliwa, na ukiwa na shaka wapo TMDA wa kuuliza.

Alikwenda hospitali ya wilaya, kumbe presha iko juu. Ameanza dawa, wali umepungua, maharage na mayai yameongezeka. Hela aliyotanguliza bado anaidai. Mume naye aliitwa na mjomba, kikao kilikuwa kirefu.

Hata iliyo halisi ina masharti. Kichefuchefu, kuharisha na kukosa choo ni vya kawaida, mawe ya nyongo na kuvimba kongosho hutokea kwa wachache. Ukipungua, misuli nayo inapungua, ndiyo maana mazoezi na protini haviachwi. Mwenye ndugu aliyewahi kuugua saratani ya tezi ya shingo amwambie daktari mapema.

Na ninyi mnaotumia vidonge vya majira, sikilizeni. Tirzepataidi inaweza kuvipunguzia nguvu, hivyo unatumia kondomu au njia nyingine isiyo ya kumeza kwa wiki nne baada ya kuanza, na kila kipimo kinapopandishwa. Kupungua mwili peke yake kunaweza kurudisha siku zilizokuwa zimevurugika, mimba ikaingia bila hodi. Anayetafuta mtoto anaacha semaglutaidi miezi miwili kabla. Dada yangu wa mchele alicheka sana nilipofika hapo. Kitinda mimba wake yuko kidato cha pili.