Je, Wajua? Vasco da Gama Ile ya Rio

Mtu wa pwani akilisikia jina la Vasco da Gama hukumbuka mizinga. Aprili 1498 meli zake zilitia nanga Mombasa, na kwa kuwa hakuwaamini wenyeji, mateka wawili walidondoshewa mafuta yanayochemka mwilini ili waseme kama kuna mtego uliotegwa. Habari hiyo haikuandikwa na adui zake. Iliandikwa na mmoja wa watu wa msafara wake. Malindi alikaribishwa vizuri, akapewa rubani wa kumvusha hadi India. Aliporudi 1502 aliielekezea Kilwa mizinga mpaka mtawala wake akakubali kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno.

Litaje jina hilohilo Rio de Janeiro, Brazil, na utajibiwa kwa habari za soka. Huko Vasco da Gama ni klabu yenye jezi nyeusi iliyokatwa na mkanda mweupe kutoka begani hadi kiunoni. Mashabiki wake wanajivunia barua moja ya mwaka 1924 kuliko hata makombe. Tutaifikia.

Je, wajua kwamba klabu hii haikuanzishwa kwa ajili ya mpira? Tarehe 21 Agosti 1898 kundi la vijana, wengi wao wahamiaji wa Kireno, walikutana katika mtaa wa Saúde, karibu na bandari ya Rio, wakaunda klabu ya kupiga makasia. Mwaka huo Wareno walikuwa wakisherehekea miaka 400 tangu Gama afike India, na klabu ikapewa jina lake. Hadi leo jina rasmi ni Club de Regatas Vasco da Gama, yaani klabu ya mashindano ya mashua. Mtani wake wa jadi, Flamengo, naye alizaliwa majini vilevile, miaka mitatu kabla.

Mwaka 1904 wanachama walimchagua Cândido José de Araújo, mtu mwenye asili ya Afrika, kuwa rais wa klabu. Utumwa ulikuwa umefutwa Brazil mwaka 1888 tu. Katika uongozi wake Vasco ilitwaa ubingwa wa makasia wa Rio mara mbili mfululizo, 1905 na 1906.

Mpira ulikuja Novemba 1915, Vasco ilipoungana na timu ya Wareno iliyoitwa Lusitânia. Mechi ya kwanza ilichezwa tarehe 3 Mei 1916, katika daraja la tatu, na Vasco ikakung'utwa 10-1 na Paladino. Bao la kufutia machozi lilifungwa na Adão Antônio Brandão, na ndivyo jina lake lilivyoingia vitabuni kuwa mfungaji wa kwanza wa Vasco.

Lakini kuanzia chini kulikuwa na faida yake. Klabu za juu za Rio wakati huo, kama Fluminense, Flamengo, Botafogo na América, zilikuwa za vijana wa familia bora, wasomi wa udaktari na uanasheria waliocheza mpira kwa burudani. Vasco haikuwa na vijana wa namna hiyo, ikasaka vipaji kwenye viwanja vya vitongoji. Kipa wake, Nelson da Conceição, alikuwa mtu mweusi aliyeendesha teksi. Walikuwamo pia mpaka rangi wa nyumba na mpakuzi wa mizigo bandarini. Kocha alikuwa Ramón Platero kutoka Uruguay, na yeye aliwakimbiza mazoezini kila siku, jambo ambalo wenzao waliliona la kishamba. Matokeo yakaonekana uwanjani: kipindi cha kwanza timu zinakwenda sambamba, kipindi cha pili wapinzani wanahema, Vasco inafunga.

Soka ilikuwa ya ridhaa, hivyo mshahara ulikuwa marufuku. Je, hawa wachezaji maskini walikula nini? Wafanyabiashara wa Kireno waliwaandika kuwa wafanyakazi wa maduka yao, na kila ushindi ukaja na zawadi iliyotajwa kwa lugha ya bahati nasibu ya wanyama iliyopendwa sana Rio. Mbwa alikuwa milreis 5, jogoo 50, ng'ombe 100. Kadiri mpinzani alivyokuwa mkubwa ndivyo mnyama alivyonenepa. Hadi leo mchezaji wa Brazil akipewa bonasi ya ushindi, husema amepata mnyama.

Mwaka 1923, msimu wake wa kwanza kabisa daraja la juu, Vasco ilibeba ubingwa wa Rio. Ilipoteza mechi moja tu, 3-2 mbele ya Flamengo.

Hapa pana jambo ambalo mashabiki hulipita haraka. Vasco haikuwa ya kwanza kumchezesha mtu mweusi. Bangu, timu ya kiwanda cha nguo pembezoni mwa Rio, ilikuwa na Francisco Carregal tangu 1905. Lakini Bangu ya siku hizo haikuwa ikimnyang'anya mtu kombe. Mchezaji mweusi alivumiliwa maadamu timu yake inafungwa. Kosa la Vasco lilikuwa kushinda.

Adhabu haikuchelewa. Machi 1924 klabu kubwa zilijitenga na kuunda chama chao kipya, AMEA. Masharti ya kujiunga yaliandikwa kwa lugha ya adabu: mchezaji awe na kazi inayoeleweka, na ajue kusoma na kuandika. Alitakiwa kujaza fomu kwa mkono wake mwenyewe. Katika nchi ambayo watoto wa watumwa hawakupelekwa shule, kila mtu alijua fomu ile ilimlenga nani. Mwandishi Mario Filho, ambaye uwanja wa Maracanã umepewa jina lake, alisimulia kwamba Vasco iliwatafutia wachezaji mtu wa kuwafundisha herufi, na kwamba winga Paschoal, ambaye ukoo wake ulikuwa Cinelli, aligeuza jina likawa Silva ili sahihi yake isimtoe jasho.

Fomu haikutosha. AMEA iliitaka Vasco iwaondoe wachezaji 12. Tarehe 7 Aprili 1924 rais wa klabu, José Augusto Prestes, alimwandikia Arnaldo Guinle, kiongozi wa AMEA, barua fupi isiyo na tusi hata moja. Alisema vijana hao 12 ndio kwanza wanaanza safari yao ya mpira, kwamba wameipatia klabu ushindi wa heshima, na kwamba waliowapokea hawawezi kuwatoa kafara mbele ya watu. Akamalizia kwa kueleza kuwa Vasco imeamua kutojiunga. Barua hiyo huitwa Jibu la Kihistoria, na kila mtoto wa shabiki wa Vasco huikuta ukutani kabla hajaijua shuleni.

Vasco ilibaki katika ligi ya zamani na timu ndogo, ikabeba ubingwa wa 1924 pia. Mwaka uliofuata AMEA ikaifungulia mlango. Sitaki kudai kwamba ni dhamiri iliyowasukuma wakubwa wale. Vasco ilikuwa na mashabiki wengi, na mashabiki hulipa kiingilio.

Je, wajua kuwa uwanja wa Vasco ulijengwa kwa michango ya mashabiki? Kisingizio kingine dhidi ya klabu kilikuwa kwamba haina uwanja wa maana. Wareno wa Rio, kuanzia wenye mabucha hadi waoka mikate, walichangishana, jiwe la msingi likawekwa Juni 1926, na tarehe 21 Aprili 1927 uwanja ukafunguliwa. Klabu ilikuwa imeomba ruhusa ya kuagiza saruji kutoka Ubelgiji, Rais Washington Luís akakataa, ikabidi mafundi watumie walichokipata nchini. Siku ya ufunguzi rais huyohuyo alikuja kukaa jukwaani. Santos wakaharibu sherehe kwa kushinda 5-3.

Uwanja huo, ambao watu huuita São Januário kwa jina la barabara iliyo jirani, ulikuwa mkubwa kuliko wote Amerika Kusini hadi Montevideo ilipofungua Centenario mwaka 1930. Nao haukuwa wa mpira peke yake. Mtunzi wa muziki Heitor Villa-Lobos aliongoza humo kwaya za makumi ya maelfu ya watoto wa shule. Tarehe 1 Mei 1940 Rais Getúlio Vargas alitangaza humohumo sheria ya kima cha chini cha mshahara. Wapaka rangi na wapakuzi wa 1923 wangeipokea vizuri.

Sasa habari ya chura. Mwishoni mwa 1937 Vasco ilipangiwa kucheza na Andarahy, timu dhaifu. Inasimuliwa kwamba gari la wachezaji wa Vasco lilipata ajali njiani, na Andarahy wakakataa kupewa ushindi wa mezani. Walisubiri kwenye mvua, wakiomba tu wasidhalilishwe. Vasco walifika na kuwafunga 12-0. Mchezaji wa Andarahy aliyeitwa Arubinha alipiga magoti akaomba Vasco ikae miaka 12 bila ubingwa, mwaka mmoja kwa kila bao, na uvumi ukaenea kuwa amezika chura ndani ya São Januário. Uwanja ukafukuliwa, chura hakuonekana. Msomaji anayezijua kazi za kamati ya ufundi hatashangaa. Kinachojulikana bila shaka ni kwamba Vasco, bingwa wa Rio wa 1936, haikushika tena kombe hilo hadi 1945.

Laana ilipoisha, iliisha kwelikweli. Timu ya miaka hiyo ilibatizwa Treni ya Ushindi. Mwaka 1948 ilikwenda Santiago, Chile, kwenye mashindano ya mabingwa wa Amerika Kusini, ikatoka sare ya 0-0 na River Plate ya Argentina, iliyokuwa na Alfredo Di Stéfano, na kurudi na ubingwa bila kupoteza mechi. Miaka karibu 50 baadaye CONMEBOL, shirikisho la soka la Amerika Kusini, ilitambua kwamba mashindano yale ndiyo yaliyotangulia Copa Libertadores. Mei 1949 Arsenal ya Uingereza ilifika Rio, ikalala 1-0.

Kombe la Dunia la 1950 likachezwa Brazil. Kocha wa taifa, Flávio Costa, alitoka Vasco. Nahodha Augusto, mfungaji Ademir na kipa Moacir Barbosa pia. Tarehe 16 Julai, Maracanã ikiwa imefurika, Ghiggia wa Uruguay alipiga shuti la chini kati ya Barbosa na mlingoti wa karibu, na Brazil ikapoteza 2-1. Lawama zikamwangukia kipa, ambaye alikuwa mweusi, na hazikumwachia. Alipozeeka alikuwa akisema kwamba Brazil kifungo kirefu kabisa ni miaka 30, lakini chake kimepita hapo. Ni nadra kusimuliwa kwamba Aprili 1951 Vasco, Barbosa akiwa langoni, ilikwenda Montevideo na kuichapa Peñarol 3-0, Peñarol iliyokuwa na Ghiggia, Schiaffino na Obdulio Varela wa timu ileile ya mabingwa. Barbosa alifariki tarehe 7 Aprili 2000. Tarehe hiyo, miaka 76 kabla, ndiyo iliyoandikwa juu ya barua ya Prestes.

Je, wajua kwamba Pelé alivaa jezi ya Vasco? Juni 1957 timu ya kwanza ya Vasco ilikuwa Ulaya, ambako iliifunga Real Madrid 4-3 katika fainali ya mashindano ya Paris. Nyumbani Vasco na Santos ziliunganisha wachezaji waliobaki, na kijana wa miaka 16 kutoka Santos akafunga mabao matatu dhidi ya Belenenses ya Ureno pale Maracanã. Mwezi uliofuata aliichezea Brazil kwa mara ya kwanza. Tarehe 19 Novemba 1969, katika uwanja uleule, Pelé alifunga penalti dhidi ya Vasco, likiwa bao lake la 1,000. Kipa Andrada aliugusa mpira, akaishia kupiga nyasi ngumi kwa hasira. Baada ya hapo Pelé alizunguka uwanja akiwa amevaa jezi ya Vasco yenye namba 1000. Naye Romário, kwa hesabu yake mwenyewe iliyojumuisha mechi za kirafiki na za ujanani, alifunga la 1,000 mwaka 2007 akiwa na Vasco, pale São Januário, tena kwa penalti.

Klabu ilitimiza miaka 100 tarehe 21 Agosti 1998. Siku tano baadaye iliifunga Barcelona ya Guayaquil, Ecuador, 2-1 ugenini na kutwaa Copa Libertadores, baada ya kushinda 2-0 nyumbani. Desemba 2000 ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma 3-0 mbele ya Palmeiras katika fainali ya Copa Mercosur, ikapewa kadi nyekundu, na bado ikashinda 4-3, Romário akifunga matatu, la mwisho dakika za lala salama. Palmeiras walikuwa kwao.

Tangu hapo mambo hayajawa mazuri. Vasco imeshuka daraja mara nne: 2008, 2013, 2015 na 2020. Ile ya kwanza ilimkuta kwenye kiti cha urais Roberto Dinamite, mshambuliaji aliyeichezea klabu zaidi ya mechi 1,000 na mfungaji wake bora wa wakati wote. Alifariki Januari 2023. Mabao yake 190 katika ligi kuu ya Brazil bado hayajafikiwa na mchezaji yeyote.